Pete Isiyo na Kidole

Tope lilitolewa chini ya vizimba vya samoni,
mita arobaini, ghuba ya Reloncaví,
likaja Puerto Montt katika boksi la barafu
likinuka yai viza na misumari.
Nilipima robo gramu.
Robo gramu, na ndani yake umma
ambao hakuna karani aliyewahi kuuhesabu.

Mashine haikumbishia hodi yeyote.
Iliwasaga wote pamoja, mithili ya mtu
anayetwanga maktaba nzima katika kinu kimoja,
kisha ikanikabidhi chenga:
vipande milioni tisini,
herufi mia na hamsini kila kimoja,
na hakuna chenga inayokumbuka kitabu chake.

Kwa hiyo naunga. Mkia wa hiki
ukifanana na kichwa cha kile, nashona:

    Tope lina siri nyingi,
    siri nyingi hazisemwi,
    hazisemwi kwa makundi,
    kwa makundi twazipanga,
    twazipanga zikaunga,
    zikaunga, zikarudi,
    zikarudi kwenye tope,
    tope lina siri —

Hapo kikombe changu kilisimama hewani.
Nyuzi nyingine zote zilikuwa na ncha mbili.
Huu ulikuwa umejing'ata mkia:
herufi elfu arobaini na moja, halafu mwanzo tena.

Profesa Klagges alisukuma miwani juu ya paji.
"Duara si ushahidi," alisema.
"Hata mbwa akifukuza mkia wake huchora duara."
Kweli. Programu ya kwanza ilisema plasmidi,
asilimia themanini na moja.
Ya pili ikasema kirusi.
Ya tatu, ambayo ndiyo naiamini zaidi, ikasema sijui.

Nikarudi kuhesabu.
Majirani zake walisomwa mara tisa, mara kumi;
duara hili mara sabini na tatu,
nakala juu ya nakala, kama uvumi.
Nikakuta jeni ya kujinakili. Nikakuta na ile
inayokata uzi mmoja ili safari ianze,
seli hadi seli, bila posa, bila kuzaa.
Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako.
Hawakuwajua bakteria.
Huko chini kila mmoja amevaa cha kuazima
na kimemkaa.

Kisha, karibu na herufi ya elfu ishirini na sita,
pampu:
jeni inayoitema flofenikoli nje ya seli
kama mtoto anayekataa uji.

Niliifahamu flofenikoli kabla sijajua kusoma.
Mama yangu, Ercilia,
alichanganya chakula cha dawa kiwandani Calbuco
miaka kumi na miwili.
Unga ulijificha kwenye mishono ya sweta lake;
nililala nimeweka shavu pale pale.
Sikuandika hilo katika ripoti. Hakuna safu yake.

Safu iliyopo inauliza: mwenyeji ni nani?
Nimeiacha tupu. Tulipowasaga tulibomoa kila nyumba,
na sasa nimeshika ufunguo
nauliza ulikuwa wa mlango upi.

Saa nne usiku mama alipiga simu.
"Rayén, bado uko huko? Umepata nini?"
"Pete," nikasema.
Akanyamaza. Nikasikia redio yake ikizimwa.
"Ya nani?"
"Sijui, mama. Kidole chake hakijulikani."
"Basi usiivae," akasema.
"Na kabla hujala, nawa mikono."